Makosa ya Mama Milada

Katika internati ya Mapendo, shule ya bweni mjini Goma, hakuna aliyekana kwamba Jephté alikuwa na kipaji. Ubishi ulikuwa juu ya matumizi yake tu. Tangu Mama Milada aje kutoka nchi ya Wacheki kufundisha Kiingereza, Jephté alimwiga hata ukifumba macho unamwona. Mchana mmoja alipanda juu ya benchi bwaloni, akatangaza kwamba "bag" ni "bek", "dog" ni "dok", na "water" ni "vota". Wenzake walicheka hadi maharagwe yakawatoka puani.

Nje ya dirisha alisimama Papa Prefe, mkuu wa shule. Yeye hakusikia mzaha. Alisikia mwanafunzi wake bora akisema Kiingereza kilichopinda.

"Huyu mama anatuharibia watoto," alisema, kwa huzuni ya mtu aliye mazishini. Akamwita inspekta wa shule. Ijumaa Jephté angepimwa, na akisema "bek", Mama Milada angefungasha mizigo.

Jephté alikimbilia ofisini kuungama.

"Papa Prefe, nilikuwa naiga tu!"

"Unamutetea mwalimu wako. Ni vizuri, mutoto. Lakini hakuna mutu anaweza kuiga vile."

Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na haikumsaidia kitu. Mama Milada ndiye aliyekaa kando ya kitanda chake alipougua malaria, akimpa maji kwa kijiko. Jioni hiyo Jephté alimfuata, akamweleza habari ya inspekta. Habari ya benchi aliimeza.

Mama Milada alicheka. "Makosa yangu nayajua yote. Sisi Wacheki tunagonga silabi ya kwanza ya kila neno. Ninyi mnagonga ya pili kutoka mwisho. Mwingereza anagonga anapopenda, na zile asizozigonga anazimeza nusu. Weka kidole kooni. Sema zzz. Sasa sss."

"Ya kwanza inatetemeka, mama."

"Eh. Mwisho wa neno, koo la Mcheki linazima mtetemo: bek. Ninyi mnaongeza mkia: begi. Mwingereza hafanyi hili wala lile. Anaivuta kidogo irabu iliyo kabla ya g, kisha anaigusa g kwa upole."

"Mbona wewe mwenyewe hausemake hivyo?"

"Nasema nikikumbuka. Nikifurahi, nasahau."

Ijumaa, Inspekta Baharanyi aliketi mbele, Prefe kando yake, Mama Milada nyuma kabisa. Jephté alisoma. Irabu zilivutika, g zikatetemeka, hakuna mkia uliochomoza. Inspekta akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapana!" Prefe aliruka. "Amefundishwa jana! Sema vile unasemaka bwaloni!"

Jephté aligeuka, akamtazama Mama Milada. Akikataa, ingeonekana ni hila ya siku moja. Akikubali, Mama Milada angejua jinsi anavyochekwa. Jephté alivuta pumzi, akamtoa Mama Milada mzimamzima: bek, dok, vota, banana.

Inspekta alijiuma mdomo asicheke. "Na huyo ni nani?"

"Ni mimi," sauti ilitoka nyuma.

Jephté alitazama viatu vyake. "Nisamehe, mama."

Mama Milada alikuja mbele, mwekundu hadi masikioni. "Umekosea."

"Najua, mama."

"Hujui. Umekosea *banana*. Umeigonga katikati, kama Mwingereza, na kama mtu wa Goma. Mimi ningegonga mwanzo. *BA-nana*. Rudilia."

"*BA-nana*," alisema Jephté.

"Sasa ni mimi."

Inspekta alifunga kalamu yake. "Papa Prefe, mutoto huyu anajua kila sauti inatokea wapi. Anaingia anapotaka, anatoka anapotaka. Mwalimu aliyemufundisha hivyo, mimi nimufukuze?"

Prefe alitafuta kosa lililobaki karibu. "Kupanda juu ya benchi," alitamka, "bado ni kosa."

Ndiyo maana Jumamosi Jephté alikuwa ameinama ndani ya sufuria kubwa kuliko yeye, akisugua ukoko. Mama Milada alisimama mlangoni mwa jiko. Alitazama kushoto na kulia, akatoa tumbo mbele, akanguruma: "Bado ni kosa!"

Alimwiga Prefe vibaya mno. Jephté aliliweka dodoki chini, akapangusa mikono.

"Pole pole, mama," alisema. "Tuanze na koo."