Swichi ya Shimoni

Kwenye fremu ya mlango wa ofisi ya utumishi palikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya mafuta, sentimita mia na sabini kutoka sakafuni. Kila aliyeomba kuwa fundi wa lifti katika kampuni ile alivua viatu, akaegemea fremu, na kama utosi wake haukufika mstarini, alishukuriwa kwa heshima zote na kuonyeshwa njia. Vyeti vilisomwa baadaye, na vya wafupi havikusomwa kabisa.

Mstari ule ulimpita dada mmoja aliyeitwa Kibaba kwa sentimita kumi na tisa. Jina hilo la kipimo kidogo cha nafaka alipewa na mafundi wiki yake ya kwanza kazini, naye akalipokea bila kununa, kwa sababu hao hao waliompa jina ndio waliomwita mlango wa lifti ulipogoma nao wameishiwa maarifa. Cheti cha umeme alikuwa nacho. Miaka sita alikuwa msaidizi wa fundi, mara tatu aliomba ufundi, na mara tatu utosi wake ulimwangusha. Sasa mkataba wa usaidizi ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi, na kampuni ilikwisha kusema haitaurefusha. Akipata ufundi atabaki, akikosa atakwenda zake.

Nyumbani ushauri haukukosekana. Mama yake mdogo, mwanamke mwenye dawa ya kila tatizo, alipendekeza asukwe nywele zipande juu kama kichuguu, halafu tuone huo mstari utasema nini. Dada yake alimwambia amwachie Mungu. Kibaba akajibu kwamba Mungu ameshafanya sehemu yake, sheria ipo, imebaki mtu wa kuisoma. Akaisoma. Kijitabu cha sheria ya ajira alikibeba mfuko mmoja na bisibisi mpaka jalada likashika grisi, na ukurasa wa ubaguzi kazini aliujua kama njia ya kwao. Kisha akaenda kujaza fomu ya malalamiko.

Siku ya shauri walikutana katika chumba kidogo cha baraza la kazi, feni ikizunguka kwa kulalamika. Mkuu wa utumishi alikuja na tai na maneno laini. Alisema kampuni haimbagui mtu. Mstari haumuulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke, unapima tu, na aliyefika amefika. Aliyasema hayo kwa uso wa mtu anayejipongeza, na ukweli ni kwamba yalisikika vizuri.

Mwamuzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimgeukia Kibaba.

"Mheshimiwa, mlango mwembamba hauhitaji kubandikwa majina ya wanaozuiwa kupita," Kibaba alisema. "Daftari la maombi waliloleta wenyewe lina miaka ishirini. Wanawake kumi na mmoja wameomba ufundi, hakupita hata mmoja. Sheria inasema sharti likiwafungia watu wa namna moja, basi mwajiri athibitishe kwamba bila sharti hilo kazi haiwezekani. Nangoja wathibitishe."

Akakiweka kijitabu chake mezani.

Mkuu wa utumishi akajibu kwa neno moja, usalama, kisha akamwita shahidi wake. Hapo ndipo Kibaba alipoumia, kwa sababu shahidi alikuwa Mlingoti, msimamizi wa mafundi, mtu aliyemfundisha kazi tangu kushika koleo. Kukataliwa mara tatu hakukumchoma kama kumwona mzee huyo akivuta kiti upande wa pili. Mlingoti alikuwa mrefu kiasi kwamba akiingia chumbani watu huangalia taa kwanza. Alieleza bila kumtazama Kibaba. Chini ya kila lifti kuna shimo, na fundi akishuka humo lazima abonyeze swichi nyekundu iliyo ukutani ili lifti isimshukie kichwani. Katika majengo yote ya kampuni swichi hiyo iko juu. Mtu asiyefika mita moja na sabini haifikii.

"Na huyu msaidizi huwa anaifikiaje?" mwamuzi aliuliza.

Mkuu wa utumishi akadakia kwamba huigonga kwa mpini wa ufagio, kinyume cha kanuni, na hilo pekee lilitosha kumkosesha kazi. Mwamuzi alivaa miwani, akaandika kidogo, akasema kuna mambo hayasikiki vizuri yakisimuliwa. Twendeni tukaone.

Walikwenda kwenye jengo la ofisi mitaa miwili kutoka pale. Lifti ilipandishwa juu, ikazimwa, mlango wa chini ukafunguliwa. Mlingoti alishuka kwa ngazi ya chuma, akafuatiwa na Kibaba. Wengine walisimama mlangoni wakichungulia. Mwamuzi alimwomba msimamizi aonyeshe tu jinsi fundi halali anavyoibonyeza.

Mlingoti aliinua mkono wa kulia. Ulifika usawa wa bega, ukakwama. Akajaribu tena, uso ukajikunja, jasho likamtoka. Akainua wa kushoto, nao ukaishia kidevuni. Swichi ilikuwa juu pale inamtazama.

"Siwezi," alisema. "Mabega yamekufa mwaka wa pili huu. Ule mpini wa ufagio ni wangu. Yeye alijifunza kwangu."

Kibaba hakuwa akijua. Alidhani mzee anatumia mpini ili yeye mdogo asijisikie vibaya.

Mwamuzi akauliza ni nani aliyeweka swichi juu namna ile. Mlingoti alifuta uso kwa mkono wa shati. Ni yeye, alisema, katika majengo yote, miaka ishirini iliyopita. Hakukuwa na kipimo. Alinyoosha mkono, ulipofika akatoboa. Halafu fundi mmoja mfupi akashindwa kuifikia, na badala ya kushusha swichi, ofisi ikachora mstari mlangoni. Yeye aliona aibu kusema kosa ni lake, na miaka ikapita. Kumbe hakuna marefu yasiyo na ncha.

"Kuzishusha ni skrubu nne kila swichi," aliongeza. "Ni kazi ya asubuhi."

Mkuu wa utumishi alikuwa akipiga hesabu zake. Alipofungua kinywa, ulaini wote ulikuwa umekwisha. Alisema kama ni hivyo, kampuni haiwezi kuwa na msimamizi asiyeweza kuinua mikono, na suala la Mlingoti lingeshughulikiwa kesho asubuhi. Mkuki kwa nguruwe, lakini safari hii mzee aliusikia ubavuni mwake mwenyewe. Aliinama akatazama sakafu ya shimo, na urefu wake wote ukaonekana hauna kazi.

Kibaba alikuwa na haki ya kukaa kimya. Hasira alikuwa nayo, na wala hakuificha moyoni. Lakini aliinua kichwa kuelekea mlangoni.

"Mheshimiwa, zile fomu za malalamiko, unayo nyingine hapo?"

Mwamuzi alimtazama juu ya miwani. "Ya nani?"

"Ya mzee huyu. Ukurasa ule ule wa ubaguzi, mstari wa chini, maradhi na ulemavu. Mwajiri arekebishe mazingira kwanza kabla hajamfukuza mtu. Nitamsaidia kuijaza."

Mkuu wa utumishi alilegeza tai. Kesho asubuhi haikutajwa tena.

Uamuzi ulitoka baada ya siku tisa. Mstari ufutwe, swichi zishushwe, Kibaba aajiriwe kama fundi kuanzia tarehe ile. Kazi yake ya kwanza ikawa hiyo hiyo ya swichi, na alimtaka Mlingoti ashuke naye kwenye shimo la kwanza. Mzee alisimama akingoja kuambiwa ashike nini. Hakuomba msamaha kwa maneno, ila alikuja na kisanduku chake cha zana, kile asichomruhusu mtu kukigusa, akakiweka miguuni pa Kibaba.

Kibaba alishika penseli.

"Lala chini, mzee," alisema. "Chali, kama mtu aliyeanguka akaumia. Haya, nyoosha mkono, usijilazimishe."

Mlingoti akalala. Mkono ukapanda ukutani taratibu, ukasimama. Pale vidole vyake vilipoishia, Kibaba akapiga alama ya swichi.