Fimbo Nne za Ruby Mutch

Fimbo ya kwanza niliyoiuza ni ile kubwa ya kupigia mbali. Iliondoka Januari, pesa yake ikaingia kwenye gesi ya kupasha nyumba joto, ikawaka wiki tatu, basi. Februari zikafuata namba nne na namba tano. Machi nikauza kigari cha betri cha kuvutia begi, nikawaambia watu kwamba mgongo wangu unahitaji mazoezi. Uongo mtupu, mgongo umeniuma tangu nilipokuwa mpishi wa shule. Ilipofika Julai nilikuwa nimebaki na fimbo nne: moja ya mbao, chuma namba saba, ile ya kutolea mpira mchangani, na ya kusukumia mpira shimoni. Sheria ya gofu inakuruhusu fimbo kumi na nne. Haisemi lazima uwe nazo.

Wala si mimi peke yangu. Portlennan nzima, mji wetu wa pwani, ilikuwa imebanwa. Zamani mpira ukiingia kwenye vichaka vya miiba, mtu aliupungia mkono akatoa mwingine mfukoni. Mwaka ule wanaume wazima walikuwa wakitambaa humo kwa magoti, wanautafuta kama pete ya ndoa. Supu ya klabu ilikuwa inapoa jikoni kwa kukosa mnunuzi, kila mtu na chupa yake ya chai. Na msidhani gofu kwetu ni mchezo wa mabwana. Baba yangu alikuwa akipakia makaa ya mawe, na kila Jumamosi alicheza, kucha zake nyeusi vilevile.

Halafu ikaja barua ya ada ya mwaka. Imepanda tena. Niliisoma nimevaa koti ndani ya nyumba.

Klabuni kwetu kuna desturi ya siku nyingi: bingwa wa wanawake halipi ada ya mwaka unaofuata. Mimi ni mwanachama wa miaka thelathini na minne, na mwaka ule hesabu yangu ilikuwa fupi. Nikiuchukua ubingwa, nabaki. Nikiukosa, narudisha ufunguo wa kabati langu na Jumamosi zangu zimekwisha. Nilimwambia wifi yangu Dolina tu, dada wa marehemu mume wangu, maana ukimficha Dolina jambo atalijua hata hivyo, halafu akununie mwezi mzima.

Nikafika fainali. Wengi walishangaa, mimi sikushangaa. Mwenye fimbo kumi na nne anasimama, anachagua, anabadili mawazo, anaharibu. Mwenye nne anapiga. Na upepo wa bahari ya kwetu hauwapendi wanaopiga mpira juu. Miezi yote ile, kwa kukosa fimbo, nilikuwa nimejifunza kuupiga chini, ukabiringika wenyewe mpaka nyumbani.

Wa kucheza naye alikuwa Catriona Lumsden, daktari wa meno, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mabega kama ya muogeleaji. Nilimpikia chakula cha mchana miaka saba pale shuleni. Karoti alikuwa akizificha chini ya viazi. Alikuja na fimbo zake zote kumi na nne zinang'aa, na kigari kinachojiendesha kinamfuata nyuma kama mbwa mwenye adabu. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kazi.

Fainali huchezwa shimo kwa shimo, mashimo kumi na nane. Mwenye mapigo machache analichukua shimo. Mkilingana, halina mwenyewe. Tulipomaliza la kumi na mbili Catriona alikuwa ananizidi shimo moja tu, na nilikuwa nahisi pumzi yake imeanza kuwa fupi.

Ndipo alipoliangalia begi langu, lililokuwa begani kwa Dolina.

"Bi Mutch," akasema, "fimbo nyingine umeziacha nyumbani?"

"Hizi zinanitosha."

Dolina akacheka. "Nyumbani zilikuwepo, na zimempasha moto vizuri sana. Namba tano ilimfikisha mpaka Pasaka."

Nilimkata wifi jicho, lakini neno limeshatoka. Catriona hakucheka. Alinitazama, kisha akayatazama macho ya Dolina, akaelewa yote. Uso wake ukalegea. Ule uso naujua, ni wangu. Ndio niliokuwa nikiwaonyesha watoto waliokuja kwenye foleni ya chakula bila hela.

Shimo la kumi na tatu, yeye alimaliza kwa mapigo matano. Mimi nilikuwa nimepiga matatu, na mpira wangu uko hatua nne kutoka shimoni, kwenye mteremko. Nikiingiza, shimo langu. Nikikosa, tumelingana.

Sasa, kuna adabu moja katika mchezo huu. Mpira wa mwenzako ukiwa umekaribia shimo kabisa, unamwambia "chukua," na unahesabiwa umeingia. Unaokoa muda wa kila mtu. Na sheria yake haina mjadala: ukipewa, umepewa. Huwezi kukataa.

"Chukua, Bi Mutch," akasema Catriona.

"Nichukue nini?"

"Mpira wako. Nimekupa."

"Hatua nne hizo, Catriona. Na panateremka."

"Ungeingiza tu."

"Ningeweza kukosa."

"Basi nimekupa." Na akawa tayari anaondoka na kigari chake.

Tukawa sawasawa. La kumi na nne mambo yakawa yaleyale: yeye amemaliza, mimi niko hatua tatu, ardhi imepinda kushoto, pigo ambalo limewaliza watu. "Chukua," akasema, hata kabla sijainama kuitazama njia.

Nilibaki nimesimama na fimbo mkononi. Dolina akanisogelea sikioni. "Chukua wifi, nyamaza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri."

"Na kupokea je?"

"Kupokea ni gesi."

Nikauchukua. Sasa nilikuwa naongoza kwa shimo moja, na sijawahi kujisikia nimeshindwa kiasi kile. Angenipa noti dukani ningesema asante, nikaenda zangu. Nilikuwa nimeshapokea mengi mwaka ule, sikuwa tena na uso wa kukunja. Lakini uwanja ule ulikuwa ndio mahali pekee nilipobaki si mjane mwenye nyumba baridi. Pale nilikuwa Ruby Mutch, na watu waliponiona nakuja walifunga kamba za viatu vizuri. Sasa hata hapo pananyang'anywa, tena kwa tabasamu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma.

Kwenye la kumi na tano ilikuwa zamu yangu kuanza. Niliuweka mpira, nikasimama juu yake, halafu nikainama nikauokota.

"Shimo hili ni lako," nikamwambia.

"Samahani?"

"Shimo zima. Nimekupa. Twende la kumi na sita."

Dolina aliliacha begi likaanguka. "Wifi, umepagawa?"

"Huwezi kufanya hivyo, Bi Mutch," akasema Catriona.

"Naweza. Ni sheria ileile uliyonitumia wewe. Nimekupa, umepewa, huna pa kukatalia. Ulinipa mipira miwili. Mmoja pengine ningeingiza, mmoja pengine ningekosa. Kwa hiyo nakurudishia shimo moja, tuko sawa, na matatu yamebaki. Ukinipa tena, nitakupa tena, na tutakesha hapa."

"Nilitaka tu—"

"Najua ulichotaka. Mimi nilipokuwa nakuongezea pudini ulikuwa na miaka sita. Mimi nina sitini na sita. Ukitaka kunipiga, nipige. Lakini usinilishe."

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Tulitembea kando ya shimo lile bila kulicheza, watatu. Dolina alikuwa amenibwagia begi nibebe mwenyewe. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeingiwa na hofu. Nilikuwa nimeongoza, na mashimo manne tu mbele yangu, na nimeitupa nafasi ile kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaona kabati langu linafunguliwa na mtu mwingine. Nikaiona Jumamosi ndefu, mimi na dirisha.

Tulipofika la kumi na sita Catriona alisimama akavua glavu, akaivaa upya taratibu.

"Haya, Ruby," akasema. Hajawahi kuniita hivyo maisha yake yote. "Basi jilinde."

Na kweli akanipiga. Alicheza kama mtu aliyetukanwa. La kumi na sita nilijikaza nikaokoa sare kwa jasho. La kumi na saba aliuweka mpira karibu na shimo kwa pigo moja ambalo hata Dolina aliyenuna alilipigia makofi, na mimi nikalazimika kuingiza kutoka mbali ili tu tulingane. Hakunipa hata kipande cha unyasi. Ile hofu ikaanza kunitoka, na mahali pake pakaja kitu ambacho nilikuwa sijakionja tangu Januari. Nilikuwa nafurahi.

La kumi na nane linarudi kuelekea jengo la klabu, upepo unakuja usoni. Watu walikuwa wametoka na vikombe vyao kusimama ukutani. Tuko sawa, shimo moja limebaki. Pigo la kwanza tulikwenda mbali sawasawa. La pili, yeye alichagua, akarudisha, akachagua nyingine, akaupiga mpira juu, mzuri, mrefu. Upepo ukaudaka, ukaukalisha kwenye shimo la mchanga lenye kuta za kwenda juu.

Mimi sikuwa na cha kuchagua. Namba saba. Niliuchapa chini, ukaruka kidogo kuliko sungura, ukakimbia, ukapita kibonde, ukapunguza mwendo, ukasimama hatua chache tu kabla ya nyasi fupi za kuzunguka shimo. Mtu ukutani akasema, "Huyu bibi anacheza gofu ya babu yangu." Sikujua kama ni sifa, nikaichukua hivyohivyo.

Catriona alitoka mchangani kwa pigo moja, kazi ya fundi. Akasukuma la nne, ukapita ukingoni mwa shimo na kukataa kuingia. La tano likaingia. Mimi nilikuwa nimeshasukuma la tatu kutokea nje ya nyasi fupi, na mpira wangu ulikuwa umelala mbele ya shimo, urefu wa mkono mmoja. Pigo moja tu, na ubingwa ni wangu.

Mpira kama ule kila mtu hupewa. Hata jirani mnayegombania mpaka wa ua atakupa. Nilikwishaanza kuinama niuokote, kwa mazoea ya miaka thelathini na minne, kisha nikasita, nikamtazama Catriona.

Alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Sijasema kitu," akasema. "Piga."

Watu ukutani wakaguna. "Catriona Lumsden, huna hata haya," akasema Dolina kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Lakini mimi moyo ulinijaa nusura unipasuke. Hakuna mwanadamu aliyenipa heshima kama ile mwaka mzima. Alikuwa ananiogopa, na alikuwa anatumaini nitakosa, kwa roho yake yote, kama anavyotumaini mtu kwa mpinzani wake.

Niliitazama njia kutoka pande zote mbili, kama ni mpira wa hatua ishirini. Mikono ilikuwa imetulia. Nikasukuma. Uliingia katikati kabisa, na ile sauti yake chini ya shimo nikaisikia kabla ya kelele za watu.

Dolina, aliyekuwa amelirudia begi, alinikumbatia nalo na fimbo zake, kofia ikaanguka. Catriona alikuja akanipa mkono, akauminya kwa nguvu, macho yamemlowa kwa hasira ya kushindwa.

"Mwakani nitakupiga," akasema.

"Mwakani nipo," nikamjibu, nikapapasa ufunguo wa kabati mfukoni, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimesikia nilichosema.