Kona ya Kumi na Moja

...wala kahawa ya Mama Zirngibl haikumwagika, hilo watu wote arobaini na wawili wamejionea kwa macho yao, basi la tani kumi na nane limesimama kwenye mwinuko wa Maloja, kona ya kumi na moja, taratibu, bila mtu hata mmoja kushika kiti cha mbele yake, na aliyelisimamisha ni Vroni, binti wa Korbinian mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, mwenye pua ileile kubwa ya akina Hasenöhrl, Korbinian aliwaza akiwa kwenye kiti cha mwongozaji, kipaza sauti bado mkononi, mguu wa kulia bado umekandamiza breki ambayo haikuwepo, maana miaka thelathini na minane kiti cha dereva kilikuwa chake na mguu haujaambiwa kwamba umestaafu, na mbele yao, hatua kumi tu, basi la posta la Waswisi, lile la abiria, la njano, pua kwa pua na lao, kulia mwamba, kushoto vizuizi vyekundu na vyeupe vya mafundi, nusu ya barabara imefungwa tangu mawe yaporomoke, na yule dereva wa njano, kijana mwenye miwani ya jua, ameshainua kidole kimoja akakizungusha kuelekea chini, rudini nyuma, na hapo hakuna cha kubishana, hata kama wao ndio wanaopanda, hata kama kila dereva wa Bavaria amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba mlimani anayepanda ndiye mwenye haki, ukishapita kile kibao cha bluu chenye tarumbeta ya posta sheria ni mkono wa dereva wa njano, basi, na Vroni analijua hilo, ameinua kiganja kumjibu, sawa, nimekuelewa, bila kununa, bila kutukana kimoyomoyo kama ambavyo baba yake angetukana...

"Baba," alisema bila kugeuka, "wewe ulisikia honi?" Korbinian akasema yule hakupiga, hawa vijana wa siku hizi hawapigi honi, zamani walipiga zile sauti tatu kabla ya kila kona, ta-ti-ta, ukazisikia mpaka bondeni, na akaona kabisa jinsi maneno yanavyomtoka kirahisi, yana mazoea, kumbe wanapiga, siku zote wanapiga, ni yeye aliyekuwa na kipaza sauti mdomoni, spika zote kumi na mbili zinanguruma hadithi yake, ile hadithi, anayoisimulia kila mwaka wakifika hapa, na ndiyo iliyoizima ile honi masikioni mwa mtoto... "Mwambie amalizie basi!" Mama Zirngibl alisema kutoka kiti cha kwanza, safari yake ya kumi na tisa hii, haijawahi kumpita hata moja, "Korbinian, usituache njiani, ulikuwa umefika kwenye theluji!" na nyuma wakacheka, mtu akapiga makofi, wanaipenda, jamani wanaipenda ile hadithi, ya Oktoba ya tisini na moja, Korbinian Hasenöhrl kijana wa miaka thelathini na tatu, basi tupu, anakwenda kuichukua kwaya ya kanisa iliyomsubiri juu, theluji ya ghafla, na basi la posta linateremka, naye peke yake, bila mtu wa kumwongoza nyuma, akarudisha basi kinyumenyume kona tatu nzima, tatu!, akimtazama Mungu kwenye kioo kimoja na shetani kwenye kingine, hivyo ndivyo anavyosema kila mwaka, na kila mwaka Mama Zirngibl husema uuuh.

Na si kwamba hana cha kujivunia bila hiyo, anacho, anacho tele, amewapeleka watu wa Straubing, mji wao, mahali ambapo baba zao walikwenda na bunduki tu, amewashusha Salzburg kwenye mvua na kuwapandisha wote, hajawahi kumsahau mtu hata mmoja, soseji za moto zimetoka kwenye jiko dogo la basi lake pembeni ya barabara za nchi sita, na haradali, na mkate, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba zimepoa, na safari hii ndiyo imemjaza kifua kuliko zote maana hakushika usukani hata dakika moja, tangu Jumatatu ni Vroni, Salzburg ni Vroni, Innsbruck ambako Mama Zirngibl alisahau dawa zake kwenye friji ya hoteli na Vroni akawa ameshazichukua kabla hajaulizwa, Verona pale karibu na daraja ambapo pikipiki zilikuwa zimeegeshwa ovyo na yeye, baba, alishaanza kufungua mdomo, na Vroni akapita, akaacha nafasi ya kidole kila upande, halafu akamwambia, "Baba, pumua," akapumua, na mwanaume mmoja wa Kiitaliano aliyekaa nje ya mgahawa akavua kofia, akamvulia Vroni kofia, si yeye, na ajabu hakuumia, alitaka kushusha dirisha aseme huyo ni wangu... ila hapa, Maloja, mtoto hakutaka kupita, miaka minane ana leseni na kila ikifika siku hii ya Como kurudi nyumbani hupata sababu, mara mgongo, mara ana safari nyingine, mpaka mwaka huu Korbinian alipotoa kadi yake ya dereva mfukoni akaiweka juu ya meza ya jikoni, akasema mimi basi, imetosha, na Vroni akasema haya, nitapita...

"Kamera ya nyuma haioni kitu," Vroni alisema, akagonga kioo kidogo cha kamera kwa kucha, picha ni ya kahawia tupu, tope la tangu asubuhi, "na huyu bwana hawezi kusogea, ana watu wamesimama." Akashika usukani kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vyeupe. "Kona moja tu, pale chini palikuwa na uwazi. Wewe ulirudi tatu, kwenye theluji, peke yako. Mimi na jua hili nitashindwaje?" na akacheka kidogo, kicheko kile anachocheka kwa daktari wa meno, na mkono wake ukaenda kwenye gia... na Korbinian anaijua ile kona ya chini, ukirudi nyuma mkia wa basi unatoka nje juu ya bonde kabla magurudumu hayajajua, kioo hakikuonyeshi, kioo kinakuonyesha mbingu, hapo ndipo yeye mwenyewe, Oktoba ile, kwenye kona ya kwanza, si ya tatu, hakuna ya tatu, hakuna hata ya pili, hapo ndipo aliposhindwa, na alikuwa ameshabishana, ndiyo, dakika kumi nzima amebishana na dereva wa posta kupitia dirishani, mimi ndiye ninayepanda, haki ni yangu, theluji inawaangukia wote wawili, na aliposhindwa ubishi akaona haya kumwomba mtu yuleyule asimame nyuma amwongoze, akaingiza gia, akarudi mita nne, akasikia vyuma vinalia ukingoni, akazima injini, akaweka kichwa kwenye usukani, akalia, na mlango ukagongwa, akaingia yule dereva, mzee kidogo, mweupe kwa theluji mpaka nyusi, akasema, "Naitwa Gaudenz, sogea kidogo, ndugu," hakusema kingine, akakaa, akalirudisha basi la Korbinian kona nzima, akamwachia supu ya kuku yenye tambi kwenye chupa ya chai, akatembea kwa miguu kurudi kwenye basi lake mwenyewe, na Korbinian akafika juu, kwaya wakamuuliza, umepitaje kwenye hali hii, na hapo, akiwa na ladha ya supu ya mtu mwingine mdomoni, akafungua kinywa...

Basi la njano likapiga honi, zile sauti tatu, si za hasira, za kukumbusha tu, na zilisikika vizuri sana, na Mama Zirngibl akasema, "Sasa tutamwona binti wa baba yake!" na sauti moja ya nyuma ikasema, "Kama hawezi, Korbinian si yupo?" na akamwona Vroni ameyasikia yote mawili, akaona shingo yake inavyokuwa nyekundu kutoka chini kupanda, na akaelewa, taratibu mno kwa mtu anayejiona mjanja, kwamba mtoto huyu hayuko hapa na kona moja, yuko hapa na kona tatu ambazo hazikuwahi kuwepo, alizisimulia darasani akiwa na miaka saba, mwalimu akamwita Korbinian kumpongeza, naye akapokea pongezi, tena amevaa tai, na miaka minane ya mgongo kuuma, mgongo gani, msichana anayebeba masanduku mawili mawili... atarudi peke yake, hataomba, kwa sababu Hasenöhrl haombi, nani kamfundisha... Kidole cha Korbinian kilikuwa juu ya kitufe cha kipaza sauti, taa ndogo ya kijani inawaka, angeweza kukizima, akamnong'oneza, pembeni, baba na mwana, ikaishia hapo, hadithi ikabaki yao ya mwakani, na akaona aibu kwa jinsi alivyolifikiria hilo kwa undani, basi akakiacha kinawaka.

"Vroni, acha gia," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote kumi na mbili. "Sikurudisha mimi. Hata kona moja. Nilibishana, nikaogopa, nikalia, dereva wa posta akanirudishia basi nyuma na kunipa supu yake. Anaitwa Gaudenz. Miaka thelathini na mitatu nawadanganya."

Mama Zirngibl safari hii hakusema uuuh, alisema, "We Korbinian we," polepole, na Vroni akageuka kwa mara ya kwanza tangu wasimame, akamtazama, Korbinian akasubiri, alijua anastahili chochote, akawa tayari kwa chochote isipokuwa kile kilichokuja, maana mabega ya binti yake yalishuka, yote mawili, akatoa pumzi ndefu aliyokuwa ameishikilia tangu Jumatatu, labda tangu darasa la pili, akasema, "Mungu wangu, baba. Mimi nilidhani kwako nimechukua pua tu." Halafu akafungua mlango, upepo wa baridi ukaingia, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya watu wote, neno ambalo baba yake hakuwahi kulisema kwenye barabara yoyote ya nchi sita, "Naomba uniongoze nyuma. Peke yangu siwezi."

Korbinian akashuka, magoti yanalalamika, akapita ubavuni mwa basi akiliburuzia kiganja, yule kijana wa njano akamwinulia mkono naye akamwinulia wake, mkono wa dereva kwa dereva, na nyuma akajikuta uso kwa uso na maandishi ambayo Vroni aliyaandikisha majira ya kuchipua na yeye akanung'unika haraka ya nini, Hasenöhrl na Binti, herufi kubwa za bluu, zimejaa tope, akatoa leso, akafuta kwanza kamera, halafu, kwa kuwa leso ilikuwa imeshachafuka, akalipangusa na lile neno Binti, akarudi nyuma hatua sita mpaka ukingoni, bonde chini yake, kengele za ng'ombe zinasikika kutoka huko, akatafuta mahali pa kusimama, maana kuna kanuni moja tu ya kazi hii, aliyomfundisha yeye mwenyewe uwanjani Straubing, usipouona uso wa dereva kwenye kioo, naye hakuoni, akasogea kushoto, akasogea tena, basi limesimama vilevile, halijasogea hata inchi, na pale kwenye kioo cha pembeni, mdogo, ukaja uso wa binti yake, unamtazama yeye, unamsubiri yeye, na Korbinian Hasenöhrl, amejaa fahari mpaka kooni, akainua mkono.