Ngozi ya Kuazima

Samli ilipungua kwenye kibuyu, na Darmi akamshuku paka. Kutwa nzima alimtukana paka wa watu, mpaka alipozunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo akamkuta mwizi mwenyewe. Alikuwa Kabibi, binti yake wa miaka saba, amechutama kando ya ukuta, amejipaka samli na udongo mwekundu kuanzia kwenye paji la uso hadi kwenye vidole vya miguu. Alichosahau ni masikio tu.

"Kabibi! Unafanya nini?"

"Nakauka."

Darmi alitaka kucheka. Mtoto kujipaka matope si habari, na pale Garsen mvua ikinyesha wote hugeuka viboko. Lakini Kabibi alisimama, akaunyoosha mkono wake kando ya mkono wa mama yake, akailinganisha kwa makini.

"Bado kidogo, Ayo," akasema. Ayo ndivyo Waorma wanavyomwita mama. Darmi akasahau kucheka.

Tuseme mambo waziwazi ili tusizungushane. Darmi alikuwa Mworma, mwekundu kama vumbi la barabara ya Malindi. Kabibi alikuwa Mgiriama wa Kilelengwani, mweusi wa kung'aa. Darmi hakumzaa, na hilo halikuwa siri, maana Garsen ukinunua sukari, jirani anabandika maji ya chai. Aliyemzaa ni Janet, aliyekuwa akiuza maembe sokoni ubavuni mwa Darmi aliyeuza maziwa. Walilindiana biashara, wakichekeshana, wakigawana kivuli cha mwavuli mmoja. Homa ikamchukua Janet mtoto akiwa bado ananyonya. Bibi wa mtoto, aliyekuwa haoni vizuri, akamkabidhi Darmi mjukuu wake mbele ya wazee wa pande zote mbili. Darmi na mumewe Wako hawakuwa wamejaliwa mtoto.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na Darmi alilea hasa. Jambo moja tu lilimshinda. Tangu siku ile, jina la Janet halikutoka kinywani mwake. Si kwamba alimchukia. Alimpenda, na alikuwa akiogopa. Aliona kila akimtaja, atakuwa anamrudishia mwenyewe mtoto wake, kipande kwa kipande, mpaka yeye abaki mikono mitupu.

"Nani amekwambia ujipake hivi?" akauliza.

"Hakuna. Nimeona kwa ndama."

Hapo ndipo Darmi alipoelewa, akatamani asingeelewa. Siku chache nyuma ng'ombe mwekundu wa Wako alikuwa amefiwa na ndama, naye ndama mmoja mweusi alibaki yatima baada ya mamba kumkamata mama yake mtoni. Wako akafanya kama wafugaji wote wafanyavyo. Alimchuna yule ndama aliyekufa, akamfunga yatima ile ngozi mgongoni, ili ng'ombe anuse harufu ya mwanawe, adanganyike, ashushe maziwa. Kabibi alikuwa hapo, ameng'ang'ania ua wa boma, akiuliza maswali. Na Wako, mtu mwenye maneno ya kupimwa, alijibu kwa mkato: "Ng'ombe hamkubali ndama wa mwingine mpaka avae ngozi ya wake."

Maskini Wako. Alidhani anamfundisha mtoto mifugo.

"Na shuleni," Kabibi akaendelea, "mwalimu Asenath amesema kesho kila mtu alete udongo wa kwao, tuchore familia zetu ukutani. Muna akaniambia mimi nikijichora nitaonekana kama mgeni aliyeingia kwenye picha ya watu. Basi nikijipaka nitafanana na nyinyi. Ukishanizoea, nitatoa."

"Mimi nimekuzoea tangu zamani!"

"Lakini mimi sikuwahi kuvaa ngozi," mtoto akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Darmi alijaribu kumpeleka kwenye maji, Kabibi akalia hadi machozi yakachora mifereji kwenye ule udongo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini wahenga hawakuwepo pale. Darmi akamwacha na udongo wake, akamshika mkono, wakaenda zao bomani kwa Wako, mkono mmoja mwekundu kwa kuzaliwa na mwingine mwekundu kwa samli.

Ilikuwa jioni, wakati wa kukama. Wako alimtazama mtoto, akamtazama mkewe, akasikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akachomoa kisu.

"Umekuja wakati mzuri," akamwambia Kabibi. "Leo namvua huyu ndama ngozi."

"Usimvue! Atapigwa teke!"

Wako alikata kamba. Ngozi ikaanguka, ikiwa imekauka na kunuka vibaya, na ndama akabaki jinsi alivyozaliwa, mweusi ti. Ng'ombe mwekundu akageuza kichwa. Kabibi akajificha kwenye gauni la Darmi, na Darmi, mwanamke mzima aliyekulia kwenye maboma, alijikuta naye amebana pumzi. Ng'ombe alinusa shingo ya ndama, akanusa mgongo, akafika mkiani akakaa hapo. Halafu akaanza kumlamba.

"Ndama amekunywa maziwa yake, sasa ananuka kama yeye," Wako akasema. "Sikiliza, binti yangu. Ndama hakuwa na shida. Ngozi tulimvisha kwa sababu ya ng'ombe, maana ng'ombe akili yake ni ya puani. Sasa niambie. Ayo wako ni ng'ombe?"

Kabibi alitoa kichwa, akamtazama Darmi juu hadi chini kana kwamba jambo lenyewe lilihitaji kufikiriwa.

"Hapana," akasema hatimaye.

"Basi nenda kaoge. Na samli ile ilikuwa ya kuuzwa."

Aliogeshwa kwa sabuni na jivu, maana samli haitoki kwa maji ya hivi hivi. Alikuwa ametulia, lakini hakucheka, na Darmi alijua kazi bado.

Siku iliyofuata Darmi alimsindikiza shuleni na ndoo ya udongo mweusi wa mtoni. Mwalimu Asenath, Mpokomo mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi, alikuwa amepanga vikopo chini ya ukuta. Kulikuwa na udongo wa kila rangi, jivu, mkaa uliosagwa, na gundi ya mgunga ya kushikisha. Brashi zilikuwa vijiti vya mswaki vilivyotafunwa ncha.

"Msipake kabla ya kujaribu mkononi," mwalimu akawaambia watoto. "Rangi ikipotea kwenye ngozi yako, usiione tena, ndiyo hiyo."

Kabibi alichora watu watatu kwa mkaa. Kwa Darmi alitumia udongo mwekundu peke yake, akaujaribu kwenye mkono wa mama yake, ukamfanya aonekane tofali. Ikabidi aongeze mweusi, tena si haba. Zamu yake ilipofika alisita, akachota mweusi mtupu, akajipaka. Ukaonekana waziwazi kama doa.

"Mimi si hii," akasema kwa mshangao.

"Ongeza mwekundu kidogo," Darmi akasema.

Aliongeza, akakoroga, akajipaka tena. Safari hii rangi ilizama mkononi isionekane. Kabibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana, akajijaza ukutani kuanzia miguu hadi kichwa, bila kusahau masikio. Muna alipita akatazama, akasema imefanana, akaenda zake kuazima jivu.

Darmi alidhani wamemaliza. Lakini Kabibi alichukua tena mkaa, akachora mtu wa nne, mwanamke, akasimama mbele yake na brashi kavu.

"Huyu ni nani?" Darmi akauliza, ingawa moyo wake ulishajua.

"Mama aliyenizaa. Ayo, alikuwa na rangi gani? Simkumbuki. Na wewe husemi."

Watoto walikuwa wakipiga kelele kila upande. Darmi alihisi ile hofu yake ya miaka yote imemkaa kifuani, na akaona aibu, maana alikuwa amemnyima mtoto kitu kisicho chake kumnyima. Akapiga magoti sakafuni. Alitaka kusema mengi, habari za maembe, za mwavuli, za kicheko cha Janet kilichosikika hadi stendi, na angeyasema yote, siku hiyo na zilizofuata. Kwanza aliushika mkono wa Kabibi, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni hii," akasema, huku machozi yakimtoka mbele ya darasa zima. "Hii hii, mwanangu. Alikuwa na mkono huu."

Kabibi aliutazama mkono wake kwa muda mrefu, huku na huku. Kisha akachovya brashi. Hakuhitaji kuchanganya chochote. Rangi ya Janet ilikuwa tayari kwenye kikopo chake.