Maneno Kumi na Tano

Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati. Upande mumoja Wivine na biro yake, upande mwingine mutu wa kambi, mimi kwenye kiti cha plastiki. Wivine akiuliza kwa Kiswahili, nageuza kwa Kinyarwanda. Mutu akijibu, narudisha. Siku ya kwanza Wivine aliniambia: "Charline, mukalimani haongezi, hapunguzi, na hasemi yake. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Mimi niliishia darasa la sita primeri. Kazi ya kukaa kwenye kiti, chini ya mabati, sikuwahi kupata.

Chumba kilikuwa cha mbao, pembeni ya kambi yetu ya Munigi, kambi ya waliokimbia vita. Profesa Kataliko alikikodi kwa ajili ya utafiti. Yeye ni muzee wa Butembo, dokta wa ubongo, anafundisha université. Wivine ni mwanafunzi wake, naye wa Butembo. Asubuhi Wivine alitoka kartié ya Mapendo, mutaa wa mujini, kwa moto, pikipiki ya kukodi, kisha saa tisa anarudi.

Testi yenyewe ilikuwa hivi. Nasoma maneno kumi na tano: jembe, mvua, chumvi, mulango, mbuzi, mpaka mwisho. Mutu anarudisha yale anayokumbuka. Tunasoma tena, mara tano. Kisha anaenda kukaa kwenye benchi inje kwa dakika makumi mbili, anaitwa tena, anaulizwa: yamebaki mangapi? Wivine anaandika.

Mwanzoni nilimuita Docteur.

"Usiniite vile, watanicheka," akasema. "Dokta ni kisha kutetea teze, kile kitabu cha mwisho cha masomo. Sasa hivi miye ni mutoto wa shule wa miaka makumi tatu na mbili."

"Na bado unasoma?"

"Bado. Mama yangu anauliza kama wewe. Anasema wenzangu wako na watoto wane, miye niko na makaratasi."

Basi nikaanza kumuita Yaya, yaani dada mukubwa.

Wakati mutu yuko inje anangoja dakika zake, tulikuwa tunaongea. Nilimuuliza anatafuta nini. Akashika kichwa changu juu ya masikio na vidole viwili. "Ndani huku kuko kitu kidogo, kimekunjika kama punje ya haragi. Kimoja huku, kimoja huku. Hicho njo kinashika mambo mapya. Mutu akiogopa sana, siku mingi, kinachoka. Nataka kujua, mutu aliyekimbia mara moja na aliyekimbia mara tano, nani anashika maneno zaidi?"

"Aliyekimbia mara moja."

"Unajuaje?"

"Nimekimbia mara ine."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini hiyo haiandikwi, Charline. Inaandikwa kama imehesabiwa."

Profesa alikuja kila Alhamisi. Alipenda kusimulia kwa sauti, kama mutu anayesimulia habari ya ng'ombe zake. Makala yake ya kwanza ilikataliwa mara saba. Mara ya sita, mutu mumoja wa Ulaya alimuandikia: kwa nini hamukupiga picha ya ubongo na mashini? "Nikamujibu, bwana, mashini hiyo bei yake inapita hii kartié yote na kuku zake."

"Na akasema nini, Muzee?"

"Akasema basi andikeni kwamba ni upungufu. Nimeandika upungufu miaka makumi mbili. Hata nikifa muandike pale juu: upungufu."

Walinieleza namna majina yanavyopangwa kwenye makala. La Wivine mbele, la Profesa mwisho, na wa mwisho njo mukubwa.

"Kwetu wa mwisho anakuta sahani tupu," nikasema.

Profesa alicheka mpaka akakohoa. "Na wewe utakuwa kwenye shukrani. Ukurasa wa nyuma. Huko hakuna sahani kabisa."

Mimi niliichukua kazi hiyo kwa ajili ya Mama. Nieleze hapa, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Tulipotoka Rutshuru, bomu ilianguka barabarani nyuma yetu. Kaka yangu Ntirenganya alibaki pale pale. Mama Dancille alitupwa kwenye mawe, akaamka, akatembea na sisi. Damu ilikauka sikioni. Tangu siku ile kila asubuhi anauliza: "Ntirenganya amekwenda wapi?" Mwanzo nilimuambia ukweli, akalia kama ndiyo anasikia sasa hivi. Kesho yake vile vile. Siku ya kumi nikasema amekwenda shambani. Akasema sawa. Tangu hapo nasema hivyo, na hainifanyi kitu tena. Lakini mara mbili aliwasha moto akausahau, bashi yetu, hema letu la plastiki, ikaungua upande. Mara moja alikwenda kuchota maji, tukamukuta kesho yake karibu na Kibumba, hana viatu.

Profesa alikuwa amepatana na lopitali moja ya mujini. Mutu akipata chini ya maneno sita, wanamupokea bure, mwaka muzima, na dawa. Sita. Nililijua hilo kabla ya kujua kingine chochote cha utafiti wao. Majina ya kambi yalivutwa kwa bahati, na jina la Mama lilitoka mwezi wa nane.

Siku yake alikaa mbele yangu, kitambaa kichwani, mikono magotini. Wivine akanionya: "Soma kama kwa mutu yeyote." Nikasoma. Mama akafungua kinywa akasema maneno kumi na ine, kwa mupangilio, bila kusimama. Baada ya dakika makumi mbili, kumi na ine tena.

Wivine aliandika huku anatabasamu. "Mama yako ni muzima, Charline. Ubongo unashika vizuri. Labda ni huzuni tu, itapita."

Niligeuza maneno hayo kwa Kinyarwanda, maana ndiyo kazi. Mama akasema murakoze, yaani asante. Tulipotoka mulangoni akaniuliza yule musichana ni nani.

Nilimupeleka kwenye bashi, nikaenda kwa Mama Mirindi, jirani yetu. Ni mwanamuke wa sauti, yeye ndiye anapanga mustari kila mahali wanapogawa chakula. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama amepata kumi na ine," nikamuambia.

Akapiga makofi. "Unaona! Nani anasema Dancille ameharibika? Juma mbili tumemufundisha, asubuhi na jioni, kama katekisimu. Jembe, mvua, chumvi! Akaimba mpaka batoto ba hapa banaijua."

"Kwa nini mulimufundisha?"

"Eh! Weye uko ndani na wakubwa, unauliza miye? Kila orodha si iko vile? Mwenye kutoka anamuambia mwenye kuingia. Ukikosa kujibu, wanakukata kwenye orodha, jetoni yako ya chakula inaenda kwa mwingine. Tungeacha mama yako akatwe?"

"Hii haikuwa ya jetoni."

"Hakuna mutu anakuja hapa na biro bure," akasema, akaendelea na sombe yake.

Kusema ukweli, mimi nilikuwa nimeona. Juma la kwanza watu walipata saba, nane, tano. Kuanzia mwezi wa sita walianza kupata kumi na mbili, kumi na tatu. Muzee mumoja alisema "mbuzi" kabla sijafika kwenye mbuzi. Nililiona, nikaliweka. Haikunihusu, na nilikuwa nimeambiwa nisiseme yangu.

Siku tatu zilipita. Wivine alikuwa na furaha, sijawahi kumuona vile. Watu makumi sita na mbili walikuwa wamekwisha kupimwa. Aliniletea mandazi. "Unajua nimepata nini? Waliokimbia mara nyingi wanashika maneno kuliko wengine. Kuliko! Profesa anasema hakuna mutu amekwisha kuandika hivi. Mwezi wa kumi na mbili ninatetea teze. Nitavaa ile nguo nyeusi, weye utakaa mbele."

Waliokimbia mara nyingi ndio walisimama kwenye mistari mingi. Hilo nililielewa palepale, na andazi likiwa mukononi. Nilikula nusu. Kisha nikaona ile karatasi ya Mama juu ya meza, kumi na ine, imezungushiwa duara.

"Yaya, watu wanayajua maneno kabla ya kuingia."

Hakuelewa. Nikamuelezea. Benchi, mustari, jetoni, Mama Mirindi. Nilisema polepole, kama ninageuza maneno ya mutu mwingine.

"Wote?"

"Si wote. Wa kwanza hapana."

"Na weye uliona tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita! Ukanyamaza!" Aligonga meza, biro ikaanguka. "Kila siku tunakaa hapa, tunacheka, unanyamaza?"

"Ulisema mukalimani hasemi yake."

Aliinama, akaokota biro. Inje kulisikika kishindo cha bomu, mbali, upande wa Sake, na hakuna kati yetu aliyegeuka.

"Na leo kwa nini unasema?"

"Mama anahitaji kupata chini ya sita."

"Kumbe ni hiyo."

"Njo hiyo tu."

Alivuta karatasi zile makumi sita na mbili, akazipanga, akazipigapiga mezani ziwe sawa. "Kama ningejifanya sikusikia kitu, na weye hukusema kitu," akasema kwa sauti ndogo, "mwezi wa kumi na mbili ungefika." Baadaye akachukua karatasi nyeupe, akaandika maneno mapya kumi na tano, akanisukumia. "Geuza haya. Kisha muite."

Mama alikuja na ndoo, alifikiri tunaenda kwenye maji. Nikamukalisha. Nikasoma: kisu, wingu, ndizi, sabuni, kanisa, na mengine. Mama akasikiliza vizuri, uso umetulia. Nilipomaliza akanyoosha mugongo akasema:

"Jembe, mvua, chumvi, mulango, mbuzi..."

Yote. Safari hii hata lile la kumi na tano.

"Hapana, Mama. Haya ya leo."

Nikasoma tena. Akarudisha jembe na mvua. Mara ya tatu vile vile. Mara ya ine alisema ndizi. Mara ya tano alisema ndizi, na kanisa, kisha akachoka, akaniuliza kama Ntirenganya amekula. Nikasema amekula. Wivine aliuliza amesema nini. Nikageuza: anauliza kama mutoto wake amekula. Wivine alijua habari ya kaka yangu. Alishika biro, hakuandika.

Baada ya dakika makumi mbili tulimurudisha. Wivine aliuliza yamebaki maneno mangapi. Mama alimutazama kwa adabu. "Maneno gani, binti yangu?"

Wivine aliandika zero. Hakuizungushia kitu.

Alimupigia Profesa simu akiwa amesimama mulangoni, kwa Kinande kwanza, kisha Kifaransa. Ya Kinande sikuielewa. Aliporudi alisema: "Ananiuliza wa kwanza, kabla watu hawajajua, ni wangapi. Nimemuambia tisa. Anasema, basi uko na tisa."

"Na mwezi wa kumi na mbili?"

"Hakuna mwezi wa kumi na mbili, Charline."

Profesa alikuja kesho yake, ingawa haikuwa Alhamisi. Hakunikasirikia. Aliketi kwenye kiti changu, akaniuliza namna mustari unavyopangwa, nani anasimama mbele, nani anafundisha. Aliandika kwenye daftari. Kisha akamuambia Wivine: "Mimi na wewe tumekulia kwenye nyumba zenye milango. Hatujawahi kupanga mustari wa jetoni. Huo nao ni upungufu." Wivine hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa anapanga karatasi kwenye karatoni, zile tisa peke yake juu. Profesa akatia sahihi barua ya lopitali, akaniuliza jina lote la Mama na mwaka aliozaliwa. Mwaka sikuujua. Akaandika alama ya kuuliza.

Wivine alinipa barua bila kunitazama. "Jumatano, saa mbili. Musichelewe, pale wako wakali."

"Asante, Yaya."

"Kwa kazi nyingine sijui bado. Kama tunaanza upya, itakuwa kambi nyingine. Na mukalimani mwingine, uelewe."

Nikasema naelewa.

Jumatano tulishuka mujini kwa miguu, Mama na mimi. Nilimushika mukono sababu ya moto zinazopita. Kwenye lopitali walituweka kwenye benchi, watu kumi mbele yetu. Mwanamuke aliyetoka ndani alipita karibu yetu, Mama akamushika nguo, akamuuliza kwa Kinyarwanda: "Wanauliza nini huko?" Yule mwanamuke hakusikia lugha, akaenda zake.

"Mama, hapa hakuna kujibu."

"Tumekuja kufanya nini?"

"Kuonana na dokta."

"Nani ni mugonjwa?"

"Ni wewe."

Alifikiri. "Sawa," akasema, akasogea kwenye benchi, maana mutu mumoja alikuwa ameingia.