Kekeo wa Miaka Sita

Mume wangu Hedley aliandika daftarini viumbe wa bonde letu la Shropshire, Uingereza, kwa majira thelathini na nane ya kuchipua. Nondo, ndege, popo, vyura, hata konokono aliyemkuta kwenye kabichi zangu. Kila mmoja na tarehe yake, kwa kalamu ya risasi, maana wino hauwezani na mvua ya kwetu. Alikufa Februari. Machi nikauwasha mwenyewe mtego wake wa taa, wa kunasia nondo usiku, ili daftari lisibaki na pengo.

Asubuhi moja ya mwisho wa Aprili akaja Gareth Pym, anayepokea kumbukumbu za mkoa mzima. Ana miaka arobaini, na masikio yake yanasifika. Tukawa tunatoa trei za mayai moja moja ndani ya mtego, nondo wamelala kwenye vishimo.

"Bi Thirza, unahesabu vizuri kuliko Hedley."

"Hedley alihesabu huku anakunywa chai. Shika trei, na usiwapumulie."

Akacheka, lakini macho hayakuwa kwenye trei. Nikajua hakuja kwa ajili ya nondo.

"Nataka kukuuliza juu ya kekeo," akasema.

Kekeo ni ndege anayetujia Aprili kutoka Afrika, na anayemsikia wa kwanza hutembea kijijini kifua mbele mpaka Mei.

"Miaka sita hii ya mwisho, bondeni humu aliyemsikia ni Hedley peke yake. Mimi nimekaa msituni asubuhi ngapi, sikuambulia kitu. Ulikuwa naye alipomsikia?"

"Nilikuwa naye. Unamwita marehemu mwongo?"

"Hapana, Bi Thirza. Ila nikiifuta hiyo sita, watu wataitilia shaka na ile thelathini na miwili. Kazi yake yote."

Hedley masikio yalikuwa yamemwisha. Mwaka wa kwanza wa ile sita alisimama langoni asubuhi tisa, kofia mkononi, akiniuliza, "Bado?" Ya kumi nikashindwa kuvumilia. Nikasema, bila hata kugeuza kichwa, "Si yule kule analia?" Alifurahi mpaka akanibusu mbele ya mleta barua. Mwaka uliofuata nikasema tena. Miaka sita nilimpa ndege asiyekuwepo, na yeye akaandika kwa kuniamini.

"Bi Thirza?"

Hapo ndipo kekeo alipolia. Upande wa msitu, mara mbili, halafu mara mbili tena, wazi kabisa. Trei ikanidondoka. Nililia kwa furaha, maana jina la Hedley wangu lilikuwa limeokolewa.

"Umemsikia! Sema umemsikia, Gareth!"

Akanitazama. "Nimemsikia," akasema kwa upole.

Lakini hakugeuza kichwa. Anayemsikia kekeo hugeukia msituni, hawezi kujizuia. Kalamu yake ilikuwa bado nyuma ya sikio. Na sauti ile ya upole niliijua, kwa kuwa nimeitumia mwenyewe miaka sita.

"Mwanangu, usinifanyie hivyo," nikasema. "Hukusikia kitu."

Akainamisha kichwa. "Sikusikia."

Basi nikamweleza yote, tumesimama pale huku nondo wanatambaa majanini.

"Ifute hiyo sita," nikamwambia. "Na uandike kwamba aliyedanganya ni mke. Hedley hakuandika asichokiamini hata siku moja."

Akatoa kalamu, akaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, akanisomea. Ile thelathini na miwili akaiacha.

Nilidhani ndege yule atanyamaza. Namsikia nikianika nguo, namsikia nikikoroga uji, nami sina wa kumuuliza kama naye anamsikia. Leo ni tarehe tisa Agosti. Kekeo wote wamesharudi Afrika, na huyu bado analia langoni, pale Hedley aliposimama. Daftarini simwandiki.