Mke Mwenza wa Waya

Ungewauliza watu wa Mbuchi nani mke mwenza wa Zaitun, wangekuonyesha kisanduku cha bati kilichotundikwa kwenye dungu lake la kuamia ndege wa mpunga. Waya ulishuka kutoka kisandukuni mpaka mferejini, na nchani ulikuwa na vyuma viwili ambavyo watoto waliviita ulimi. Maji ya chumvi yakipanda kutoka baharini, ulimi uliyaonja, kengele ikalia, na Saidy, mume wa Zaitun, akaacha hata tonge mkononi akakimbia kuziba mfereji kwa ubao, mpunga usije ukaungua kwa chumvi.

Aliyekitengeneza ni Daktari Biasha, binti wa shangazi yake Saidy. Alisomea fizikia chuo kikuu, Mlimani, akaenda Ulaya kutengeneza vipima moshi vya viwandani, akarudi miaka ile ya ruksa, milango ya nchi ilipofunguliwa na wafadhili wakawa wakimiminika na miradi kama mitumba. Kwa hayo Zaitun hakuwa na neno. Neno lilikuwa utani. Kila Biasha akija kutoka Kibiti, bado yumo mtumbwini, alipaza sauti: "Mume wangu, hujambo? Huyo mpishi wangu anakulisha?"

Watu walicheka; binamu ana haki yake ya utani. Zaitun naye alicheka, kwa meno tu. Yeye akisema paa linavuja, Saidy hujibu kesho. Biasha akisema ulimi usafishwe utelezi, Saidy hata chai hangoji.

Siku wafadhili walipokuja kuamua kama mradi uendelee, dunguni hapakuwa na pa kuweka mguu. Chini, Zaitun na jirani yake Nasma walikuwa wakipika pilau.

"Mke mdogo, chumvi isizidi!" Biasha akamwambia akipita. "Mume wangu ana presha!"

Nasma alicheka mpaka akashika mbavu. Zaitun akabeba ndoo ya maji ya mvua kama anayekwenda kuosha sufuria. Alipofika mferejini akauchomoa ulimi, akautumbukiza ndooni, akafunika kwa majani. Leo kengele isilie. Tuone kama Saidy atamtazama vilevile.

Bamvua likaanza kupanda. Maji yakapita mikokoni, yakaingia mferejini na povu lake. Juu, Biasha akagonga kioo cha kisanduku, penye mshale wa kupima chumvi.

"Bado maji baridi, hayana chumvi," akasema, ila sauti ilikuwa imepungua. Mgeni mmoja akatazama saa.

Zaitun akaingoja furaha, haikuja. Alimwona Saidy ameketi, mikono magotini, macho kwenye kisanduku, na maji yanaufuata mpunga wao uliokuwa ukichanua.

"Saidy, maji huyaoni?"

"Kengele haijalia, mama Johari. Biasha hakosei, yule."

Hilo lilimchoma kuliko utani wote. Aseme ukweli mbele ya kadamnasi ile, au aurudishe ulimi macho yote yakiwa mferejini? Wapi! Akarudi jikoni mbio, akatwaa pakiti ya chumvi, akaimwaga yote ndooni.

Kengele ikalia kama kuna moto. Saidy aliruka bila ngazi, akauziba mfereji kwa ubao. Wageni wakapiga makofi, wakamkumbatia Biasha, wakasema mradi utaendelea. Zaitun akabaki na pakiti tupu, akitazama ushindi alioupika mwenyewe ukipakuliwa kwenye sahani ya mwenzake.

Biasha alikuwa akiutazama mshale, uliokwama mwisho kabisa. Hata maji ya bahari yenyewe hayajapata kuufikisha huko. Akashuka, akaiona ndoo, akaiona pakiti. Akaurudisha ulimi mferejini.

Pilau likaletwa. Saidy akatafuna, akasita. "Leo umesahau chumvi?"

"Mwache," Biasha akamkatiza. "Chumvi ilikuwa na safari." Kisha akamnong'oneza Zaitun, aliyeinama kugawa nyama: "Wifi, mume ni wako. Mie nitunzie kisanduku tu."

"Nitakitunza," akajibu Zaitun, na lile pande la nyama lililokuwa mbele ya Biasha akalisogeza kwa Saidy.